Umekatika ama Umekatwa?

Kila wiki kuna mtu ananisimamisha barabarani na simu mkononi. Si eti mimi ni fundi siku hizi. Chuo niliacha mwaka wa pili karo iliposhindikana, na sasa kazi yangu ni kurekodi video na kuwaandikia maoni yangu hapa. Lakini huku Busia, ukishawahi kukaa kwa kibanda cha simu hata miezi michache, wewe ni fundi mpaka uzeeke. "Buda, WhatsApp yangu imekataa. Inazunguka tu."

Kabla sijagusa hiyo simu namuuliza: mtandao umekatika ama umekatwa?

Wengi wanacheka. Wanadhani nawaletea sarufi ya Form Two. Lakini fikiria uzi. Uzi ukikatika, umekatika wenyewe: umechakaa, umevutwa sana, basi. Uzi ukikatwa, kuna mtu alishika makasi. Ukikosa kutofautisha hizo mbili utatibu simu ambayo si mgonjwa. Najua, kwa sababu niliwahi kufanya hivyo, na mtu akapoteza pesa.

Hii ni historia fupi ya vile sisi wa mpakani tulijifunza kuuliza hilo swali. Msinitafutie shahada ya historia, sina. Lakini mengi ya haya niliyaona nikiwa nimesimama hapa hapa.

Minara miwili, simu moja

Tuanze na shida ambayo haina ubaya wa mtu.

Busia iko Kenya na iko Uganda. Malaba iko Kenya na iko Uganda. Jina moja, nchi mbili. Mtu anaonyesha kitambulisho akivuka, lakini mawimbi ya simu hayasimami kwa foleni. Unaweza kuwa umeketi kwako upande wa Kenya, simu ikanusa mnara wa Uganda wenye nguvu zaidi, ikahamia huko bila kukuuliza. Bando lako la Kenya limejaa, lakini WhatsApp inazunguka. Ujumbe umekaa na alama ya saa, hata tiki moja haujapata.

Kampuni na serikali zimejaribu kuushusha huu ukuta. Mwaka 2006 Celtel, ambayo baadaye ikawa Zain na mwishowe Airtel, ilianzisha One Network: ukiwa na laini ya Kenya, Uganda ama Tanzania unavuka na kuendelea kupiga simu kama uko nyumbani. Kufikia 2015 serikali za Kenya, Uganda na Rwanda nazo zilikuwa zimekubaliana kushusha bei ya kupiga simu kati ya nchi hizi. Vizuri. Lakini ile ilikuwa habari ya kupigiana, na maisha yetu yalikuwa yanahamia kwa meseji za intaneti.

Dawa ya hii shida ni rahisi: ingia kwa mipangilio ya simu, toa ile ya kujichagulia mtandao yenyewe, chagua mtandao wako kwa mkono. Hiyo nimefundisha watu wengi kuliko kitu chochote nilichosomea chuo.

Huo ni umekatika. Hakuna wa kulaumiwa.

Makasi ya kwanza

Tarehe 18 Februari 2016 nilikuwa darasa la saba. Uganda walikuwa wanapiga kura. Asubuhi hiyo Facebook, Twitter na WhatsApp zilikataa kwa laini za Uganda, na huduma za kutuma pesa kwa simu zikasimamishwa pia. Tume ya Mawasiliano ya Uganda ilisema ni kwa sababu za usalama. Mwezi wa Mei, wakati Rais Museveni anaapishwa, mitandao ya kijamii ikafungwa tena.

Mtu wa Nairobi alisoma hiyo kama habari ya nchi jirani. Kwetu haikuwa jirani. Mjomba wangu alikuwa anauzia watu wa ng'ambo mitumba: anapiga picha ya nguo, anatuma kwa WhatsApp, mteja anachagua, anatuma pesa kwa simu, mzigo unavushwa. Siku hizo picha hazikufika na pesa hazikuja. Mjomba alikuwa ameinunua simu mwezi huo huo, na aliilaumu hiyo simu mpaka akarudi nayo kwa duka aliponunua. Simu ilikuwa nzima kabisa.

Hapo ndipo nilisikia neno VPN mara ya kwanza, kutoka kwa makanga pale stendi. Kama hujui inafanyaje, fikiria hivi: askari amesimama kwa mlango wa WhatsApp na anarudisha kila mtu. VPN inakupitisha kwanza kwa nyumba iliyo nchi nyingine, ndani ya bahasha iliyofungwa. Askari anaona unaenda kwa hiyo nyumba, haoni kwamba kutoka hapo unaenda WhatsApp. Lakini kumbuka jambo moja: VPN inakwepa askari wa mlangoni. Barabara yenyewe iking'olewa, haina kazi.

Mwaka ambao mpaka ulifunguliwa na kufungwa

2018 ni mwaka wa ajabu kwetu. Tarehe 24 Februari Rais Uhuru Kenyatta na Rais Museveni walikuja Busia kufungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani, ili mtu na lori wasisimame mara mbili. Furaha tele.

Tarehe 1 Julai mwaka huo huo Uganda ikaanza kodi ya shilingi 200 za huko kwa siku kwa yeyote anayetumia WhatsApp, Facebook, Twitter na nyingine kama hizo. Ni kama shilingi tano za Kenya. Usipolipa, Google inafunguka lakini WhatsApp haifunguki. Yaani mwaka ambao mpaka wa watu ulilegezwa, mpaka wa meseji ukawekewa tozo.

Nilichojifunza mwaka huo ni kwamba mtandao unaweza kukatwa nusu. Kabla ya hapo tulifikiri intaneti ni kama stima, iko ama haiko. Sasa ikawa iko kwa wengine na haiko kwa wengine, kulingana na laini. Madereva wa malori pale Malaba walianza kubeba laini mbili si kwa sababu ya mawimbi, ila kwa sababu ya kodi. Watu wengine wakarudi kwa VPN. Kodi yenyewe iliondolewa Julai 2021 na mahali pake ikaja kodi ya asilimia 12 kwa bando.

Basi mtu angefikiri kufikia 2021 mimi nimeshaelewa. Wapi.

Jumanne ile

Tarehe 12 Januari 2021. Jumanne. Shule zilikuwa zimefunguliwa wiki iliyotangulia baada ya likizo ndefu ya Korona, nami nilikuwa Form Three, naenda shule asubuhi na jioni napita kwa kibanda cha simu kusaidia. Kubandika vioo, kuuza chaja, kuwekea watu programu. Bosi aliniamini.

Akaja mama mmoja anayeuza omena. Anazitoa Sio Port na Port Victoria, anauzia wanawake wa Tororo na Mbale. Huko wanaita mukene. Simu yake ilikuwa ya laini mbili, moja ya Kenya na moja ya Uganda, na data alikuwa ameiweka kwa laini ya Uganda kwa sababu wateja wake wote wako huko.

"Mwanangu, hii WhatsApp imeshikwa na nini? Tangu mchana haitumi."

Nikajaribu. Google ilifunguka. WhatsApp ikakataa. Nikaangalia simu yangu, WhatsApp inafanya. Nikaangalia ya bosi, inafanya. Nikapiga hesabu ya kijana wa miaka kumi na saba: simu zote hapa zinafanya isipokuwa hii, kwa hivyo ugonjwa uko kwa hii simu.

Angalia kosa lilipo. Simu yangu na ya bosi zilikuwa na laini za Kenya. Nilikuwa nalinganisha nchi mbili nikidhani nalinganisha simu mbili.

Siku hiyo Uganda ilikuwa imeamuru mitandao ya kijamii ifungwe. Siku moja kabla, Facebook ilikuwa imefunga akaunti kadhaa ilizosema zina uhusiano na serikali, na jioni hiyo Rais Museveni akahutubia taifa kueleza kwa nini na wao wanafunga. Uchaguzi ulikuwa Alhamisi tarehe 14. Kibandani hatukuwa na hiyo habari. Redio ilikuwa inapiga muziki.

Nikaifuta WhatsApp ili niiweke upya. Duka la programu la Google nalo likakataa kufunguka. Leo najua kwamba maduka ya programu yalizuiwa pia, kwa sababu watu walikuwa wanaenda huko kuchukua VPN. Wakati huo niliona ni dalili nyingine ya ugonjwa wa simu. Nikamwambia, "Mama, hii tuisafishe yote ianze kama mpya." Akaniuliza kama kuna kitu kitapotea. Nikamwambia majina yatarudi, yako kwa laini. Akasema sawa.

Nikairiseti.

Simu iliamka safi. Nikahamisha data kwa laini ya Kenya ili nipakue WhatsApp, na mara hiyo duka la programu likafunguka. Nafikiri mwili wangu ulielewa kabla ya kichwa. Tulipoingia WhatsApp, namba yake ilirudi. Mazungumzo hayakurudi. Hakuwahi kuweka nakala ya mazungumzo mahali popote nje ya simu, na ile nakala iliyokuwa ndani ya simu nilikuwa nimeifuta mimi mwenyewe.

Mama akaiangalia simu muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na madeni yangu?"

Hakuwa na daftari. Wateja walikuwa wanachukua omena kwa deni na kumwandikia: nimechukua magunia mawili, nitalipa Ijumaa. Meseji hizo ndizo zilikuwa daftari. Zaidi ya elfu arobaini za Kenya, alisema. Bosi hakusema neno. Mimi nilikuwa nimevaa sare ya shule, nikatamani ardhi inimeze.

Kesho yake jioni, tarehe 13, Uganda ikazima intaneti yote mpaka tarehe 18. VPN hazikusaidia mtu, kwa sababu barabara yenyewe ilikuwa imeng'olewa. Kupiga simu kuliwezekana, lakini huwezi kupiga picha ya risiti kwa mdomo. Nilimwona mwanaboda akikabidhiwa karatasi za oda zilizokunjwa ndani ya nailoni azipeleke ng'ambo. Wazee wanasema jina boda boda lilizaliwa hapa hapa Busia, kwa vijana wa baiskeli waliobeba watu kati ya vituo viwili vya mpaka. Wiki hiyo boda ndiyo ilikuwa WhatsApp yetu.

Intaneti iliporudi, mama aliwaandikia wateja mmoja mmoja. Wengi walikubali deni. Watatu walisema hawakumbuki. Pesa hizo hazikurudi mpaka leo.

Wakati ilikatika kweli

Baada ya hapo niligeuka kuwa mtu wa kushuku kila kitu, na hilo nalo ni kosa. Tarehe 4 Oktoba 2021 jioni, WhatsApp, Facebook na Instagram zilikufa zote. Nikasema, haya, wamekata tena. Lakini laini za Kenya zilikufa na za Uganda zikafa. Nikampigia binamu yangu Nairobi, yake pia imekufa. Haikuwa makasi ya serikali yoyote. Kampuni yenyewe ilibadilisha mipangilio ya mitambo yake vibaya, na kwa kama saa sita dunia nzima haikuiona.

Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, intaneti ikawa ya kobe pande zote mbili. Nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika. Hapa kuna kitu watu wengi hawajui. Uganda haina bahari. Sehemu kubwa ya intaneti yake inatoka Mombasa kwa nyaya zinazofuata barabara na kupita hapa kwetu, Malaba na Busia. Kwa hivyo bahari ikisumbua, Kenya inaumwa na Uganda inaumwa pamoja.

Nikapata kanuni yangu. Upande mmoja ukifa, shuku makasi ama mnara. Pande zote mbili zikifa, angalia mbali: baharini, ama kwa kampuni yenyewe.

Halafu ikawa zamu yetu

Kwa miaka mingi Wakenya wa mpakani tuliwacheka Waganda kwa hili. "Nyinyi mnazimiwa kama taa." Kisha ikaja 2024.

Tarehe 24 Juni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilisema haina nia ya kufunga intaneti. Tarehe 25 Juni vijana wakaandamana kupinga Mswada wa Fedha na kuingia Bunge, na mchana huo intaneti ikaanguka. Uganda nayo ikaumia, kwa sababu ya zile nyaya nilizowaambia. Safaricom ilieleza kwamba nyaya mbili za chini ya bahari zimepata hitilafu.

Ona basi vile herufi chache zinaweza kubeba nchi. Maelezo rasmi yalikuwa umekatika. Vijana wengi wa rika langu walisikia umekatwa. Sitawaambia nani alikuwa sahihi kwa sababu sikuwa ndani ya chumba cha mitambo. Ninachosema ni kwamba ukishaishi na makasi miaka minane, hata uzi ukikatika wenyewe hutaamini. Hiyo ndiyo hasara ambayo hakuna anayeihesabu. Serikali ikishazima mara moja, hitilafu zote za baadaye zinageuka kesi.

Na Novemba mwaka huo hatukuhitaji kukisia. Mamlaka iliagiza kampuni za simu zifunge Telegram wakati wa mtihani wa KCSE, kuzuia wizi wa mitihani. Wakati huo niliweka laini ya Uganda kwa simu yangu, na Telegram ikafunguka. Safari hii Mganda ndiye alikuwa na tiki mbili na mimi ndiye nazunguka. Sikuwacheka tena.

Kabla hujafuta kitu

Haya ndiyo maoni yangu, na nitayasema wazi. Kila hatua ya kurekebisha simu hapa mpakani imetokana na kitu kilichotokea. Ukizifuata bila kujua zilikotoka, utakuwa kama mimi Jumanne ile.

Kwanza, angalia data iko kwa laini gani. Ihamishe kwa laini ya nchi nyingine. Namba yako ya WhatsApp haibadiliki, inaweza kupita kwa laini yoyote ama hata kwa hotispoti ya jirani. Ikifunguka, simu yako ni nzima.

Pili, soma tiki. Alama ya saa inamaanisha ujumbe haujatoka kwako. Tiki moja, umetoka lakini mwenzako hajaupata, kwa hivyo shida huenda iko kwake. Wacha kupiga simu yako makofi.

Tatu, mpigie mtu wa kawaida, sauti kwa sauti, upande ule mwingine. Muulize yake inafanya?

Nne, angalia tarehe na saa ya simu. Simu ikidhani tuko 2015, WhatsApp itakataa kuunganisha. Angalia pia kama nafasi imejaa.

Na kufuta ama kuriseti ni jambo la mwisho kabisa, baada ya kuhifadhi nakala, na baada ya kumwambia mwenye simu ukweli wote wa kitakachopotea. Fundi asiyeuliza maswali ana haraka kuliko akili. Nilikuwa huyo fundi.

Tarehe 13 Januari mwaka huu wa 2026, siku mbili kabla ya uchaguzi wa Uganda, intaneti ilizimwa tena huko saa kumi na mbili jioni. Yule mama wa omena alikuja. Hakwenda kibandani, alinitafuta mimi. Bado tunaongea, ingawa kuna siku ananiita "yule wa kuriseti" mbele ya watu na sina la kujibu.

"Umekatika ama umekatwa?" akaniuliza yeye.

Nikahamisha data kwa laini ya Kenya. WhatsApp ikafunguka, na kila ujumbe aliowatumia wateja wa ng'ambo ukakaa na tiki moja.

"Umekatwa, mama."

Akatoa daftari lake, lile la kurasa mia mbili analoandika madeni siku hizi, akaanza kuwapigia mmoja mmoja.